MASHINE KWANZA, WATU BAADAYE?



Mtu akifiwa, majirani huja kulia naye, kisha hurudi makwao. Kesho yake asubuhi mfiwa hana budi kuamka na kutafuta unga. Leo twataka kueleza habari za hiyo kesho yake, jinsi walivyoiona wafanya kazi wa Mexico City.

Tarehe 19 Septemba 1985, saa moja na dakika 17 asubuhi, tetemeko kubwa la nchi lilitokea pwani ya Meksiko, upande wa bahari ya Pasifiki. Mji ule uko mbali na pwani hiyo, zaidi ya maili 200, lakini ndio ulioumia zaidi. Sababu ni udongo. Katikati ya mji pamejengwa juu ya matope ya ziwa la zamani. Sisi wa reli twajua jambo hili: mataruma yakilazwa juu ya matope, garimoshi likipita njia yote hucheza. Ndivyo yalivyocheza majumba ya ghorofa. Mamia yalianguka, na watu maelfu wakafa.

Katika barabara ya San Antonio Abad palikuwa na majumba yaliyojaa karakana za kushona nguo. Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Mamia walifukiwa. Wenzao waliosalimika walisimama nje, wakawaona baadhi ya matajiri wakitoa vyerehani, marobota ya nguo na makasha ya fedha, hali watu wangali chini ya vifusi. Wengi hawakuwa na karatasi yo yote ya kazi. Nani angewalipa mishahara yao? Nani angewalipa watoto wa waliokufa?

Wanawake wale hawakungoja kuhurumiwa. Walipiga mahema pale pale barabarani, wakalinda mashine zisiondolewe kabla ya haki yao kulipwa. Tarehe 20 Oktoba, siku 31 tu baada ya tetemeko, chama chao kiliandikishwa, nacho kikaitwa kwa jina la siku ile: 19 Septemba. Katibu mkuu alikuwa Bibi Evangelina Corona, mshona nguo aliyepata kuwa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1991 aliingia Bungeni.

Wapangaji maskini nao walifanya vivyo hivyo. Walilala katika mahema na vibanda vya mabati, wakakataa kupelekwa mbali na kazi zao na shule za watoto wao. Walijiunga pamoja, wakaandamana. Serikali ikatwaa maelfu ya viwanja vya wenye nyumba katikati ya mji, na katika muda wa miaka kama miwili nyumba zaidi ya 40,000 zikajengwa, nyingi mahali pale pale pa zamani, wakauziwa wapangaji wenyewe kwa malipo ya kidogo kidogo.

Lakini tusijidanganye kuwa mambo yalikwisha hapo. Tarehe 19 Septemba 2017, siku ile ile, mji ulitetemeka tena. Katika mtaa wa Obrera lilianguka jengo lililokuwa na karakana ya nguo, na wafanya kazi wakafa ndani yake. Haki iliyopatikana jana hulindwa leo, au hupotea.

Basi ndugu, tutazame kwetu wenyewe. Katika karakana yako, milango ya kutokea iko wazi wakati wa kazi, au imetiwa kufuli? Jina la kila aliyeingia zamu limeandikwa? Na kibarua asiye na karatasi, siku ya msiba atahesabiwa na nani?

Maswali haya na yaulizwe katika mkutano ujao wa kila tawi, na majibu yaandikwe katika kitabu cha katibu. Wanawake wa Meksiko walipata chama chao juu ya makaburi ya wenzao. Sisi tunacho tayari. Tukitumie kabla nchi haijatetemeka.