Lithiamu ya Boda za Umeme: Maji Moto Yanapika, Nani Anakula?

Manze, ukisimama Mwembe Tayari dakika tano tu utaziona: boda za umeme, zile hazipigi kelele. Ruto alizizindua hapa hapa Mombasa, Septemba 2023. Betri za aina hii hutegemea lithiamu, na stori yenyewe ni hiyo lithiamu hutoka wapi.

Wasee wengi wanaijua ya Manono, Kongo, ambayo iko ndani ya mawe magumu. Lakini kuna nyingine inapikwa na maji moto. Maji yanazama chini karibu na volkano, yanachemka, yanakamua lithiamu kwa mawe, halafu yanapanda nayo. Yakikuta juu kuna ziwa lisilo na mlango wa kutokea, mzigo hauendi popote. Jua linakausha, maji mengine yanakuja, mzigo unazidi kujaa. Thacker Pass kule Nevada, Marekani, ni hivyo: volkano ililipuka kama miaka milioni 16 iliyopita, shimo likawa ziwa, matope ya chini yakameza lithiamu. Kuna watafiti wanasema maji moto ya baadaye ndiyo yaliongeza dozi.

Sasa cheki Bonde la Ufa. Bogoria, Magadi, Olkaria, Menengai. Volkano ziko, chemchemi ziko, maziwa yaliyofungwa yako. Haimaanishi mzigo uko, na Kenya haina mgodi wa lithiamu hadi leo, ila serikali tayari imeiweka kwenye listi ya madini ya kimkakati.

Sisi wa Kisiwani tumekalia matumbawe, si volkano. Bahari nayo ina lithiamu, lakini lita moja haifikishi hata miligramu 0.2, kwa hivyo usitoke Mji wa Kale na ndoo.

Kinachotuhusu ni doo. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: 70% serikali kuu, 20% kaunti, 10% jamii ya pale machimbo yalipo. Kwa karatasi iko fiti. Lakini uliza watu wa Kwale. Titaniamu yao ilianza kupakiwa meli Likoni 2014, ng'ambo tu ya feri, uchimbaji ukafungwa Desemba 2024, na kwa miaka mingi wenyeji walikuwa wanalia hiyo 10% haijawafikia.

Kwa hivyo msee wa Baringo akiambiwa kesho chemchemi yake ina mkwanja, asianze kuuliza ni tani ngapi. Aulize ile 10% inaingia akaunti gani, na nani anatia sahihi.