Daftari la Wiki: Handaki, Matofaa na Pumzi

Treni ya kutoka Kalka kwenda Shimla, kaskazini mwa India, haina haraka na mtu. Safari ni ya kilomita 96 na huchukua saa tano au zaidi. Reli yenyewe ni nyembamba, milimita 762, ilifunguliwa mwaka 1903, na njiani kuna mahandaki zaidi ya mia moja. Anayetaka kuwahi apande basi.

*

Kuanzia mwaka 1864 Waingereza waliifanya Shimla makao makuu ya kiangazi. Kila joto lilipozidi, serikali nzima ilipanda mlimani na mafaili yake. Leo wanaopanda ni watalii, na mji haukujengwa kwa ajili ya umati huo. Mwaka 2018 mabomba yalikauka, na baadhi ya wakazi wakawasihi wageni wasije. Nawaunga mkono.

*

Ukipita Shimla Agosti au Septemba, utakwama nyuma ya malori ya matofaa. Biashara hiyo inadaiwa sana na Samuel Stokes, Mmarekani wa Philadelphia aliyefika India mwaka 1904, akaoa huko huko na kupanda miche kutoka kwao katika vilima vya Kotgarh. Baadaye Waingereza walimfunga jela kwa kuunga mkono harakati za Gandhi. Wageni wa namna hii ni wachache.

*

Jambo kubwa la milima hii kwa sasa ni handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita tisa chini ya njia ya mlimani ya Rohtang, lililofunguliwa Oktoba 2020. Zamani theluji ikishafunga njia ya juu, bonde la Lahaul lilitengwa na dunia kwa karibu nusu mwaka. Mgonjwa wa Keylong, humo bondeni, alisubiri helikopta, na helikopta nayo ilisubiri hali ya hewa. Sasa gari linafika mji wa Manali hata Januari.

Wapo wasafiri wanaolalamika kwamba Lahaul imeharibika: foleni za magari karibu na Sissu, chupa za plastiki, kelele. Taka ni kweli, na zinastahili faini. Lakini huo upweke wanaoulilia waliufaidi wao kwa siku chache za kiangazi, huku mjamzito wa Lahaul akiulipia majira yote ya baridi. Mwulize mkulima wa viazi na njegere kama anataka handaki lizibwe.

*

Ng'ambo ya njia ya mlimani ya Kunzum, yenye mwinuko unaozidi mita 4,500, ndiko kuna bonde la Spiti: mawe, vumbi, nyumba za watawa wa Kibudha, na posta ya Hikkim ambayo kadi zake hutoka juu ya mita 4,400. Hewa ni haba. Wengi huingia kwa kupitia Manali kwa sababu ni karibu, na kufika mji wa Kaza vichwa vikiwagonga na chakula hakishuki. Wapagazi wetu wa Kilimanjaro wangewaambia neno moja tu: polepole.

Afadhali upitie Shimla na Kinnaur. Ni mbali zaidi, ila barabara inapanda kidogo kidogo na mwili unazoea. Na wewe mwenye pasipoti ya nje, chukua kibali mjini Reckong Peo, huko Kinnaur, kabla ya kuendelea. Bila hicho, askari wa kizuizi cha barabarani watakurudisha.