Jutland: Wasikilizeni Waliokuwa Majini

Ukimwuliza mwanafunzi wa historia ni nani aliyeshinda vita vya baharini vya Jutland, huenda akakuna kichwa. Usimlaumu. Hata wenyewe waliopigana walibishana kwa miaka mingi.

Vita hivyo vilipiganwa Mei 31 na Juni 1, 1916, katika Bahari ya Kaskazini, karibu na pwani ya Denmark. Manowari 250 hivi za Uingereza na Ujerumani zilikabiliana, zikiwa na mabaharia wapatao 100,000. Uingereza ilipoteza meli 14 na watu zaidi ya 6,000. Ujerumani nayo ilipoteza meli 11 na watu zaidi ya 2,500. Wajerumani wakajigamba kuwa wamezamisha nyingi zaidi. Waingereza wakajibu kuwa bahari ingali mikononi mwao. Naam, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Lakini wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye kutaka kuijua Jutland na awasikilize waliokuwamo.

Chukua mathalani Ernest Francis, mpiga mizinga katika manowari ya Uingereza iliyoitwa Queen Mary. Anasimulia kwamba meli ilipokwisha kupigwa na kuanza kulala ubavu, aliwaita wenzake waruke majini waogelee. Mmoja akamjibu kuwa meli ingali na muda mrefu wa kuelea. Francis akaruka. Hakuwa amefika mbali meli ilipolipuka nyuma yake. Watu 1,266 walikufa. Waliookoka walikuwa wapatao 20 tu.

Upande wa Wajerumani, manowari Wiesbaden ilipigwa mtambo wake ikakwama katikati ya majeshi mawili, mizinga ikiiangukia kama mvua. Ilipozama, aliyebaki kusimulia alikuwa mmoja tu, Hugo Zenne, mchochea moto wa tanuri za meli. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Johann Kinau, mwana wa mvuvi aliyependwa kwa hadithi na mashairi yake ya bahari, akijiita Gorch Fock. Maji yaliuchukua mwili wake hadi Uswidi, akazikwa katika kisiwa cha Stensholmen pamoja na mabaharia wengine, Wajerumani na Waingereza. Waliokuwa wakiwindana wakalala ardhi moja.

Katika mwaka uo huo wa 1916, Rudyard Kipling alichapisha shairi, "My Boy Jack", pamoja na makala yake kuhusu Jutland. Ndani yake mzazi anauliza habari za mwanawe aliyemezwa na bahari. Kipling alijua alisemalo, kwani mwanawe mwenyewe alipotea katika mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka wa 1915. Shairi hilo halihesabu meli, wala halisemi nani kashinda. Kwa mzazi yule, swali hilo halina maana.

Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili hatashangazwa na hayo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mzima juu ya Wajerumani walivyoitwaa Mrima mwishoni mwa karne ya 19. Mshairi huweza kuhifadhi kilio ambacho taarifa ya jemadari haina nafasi nacho.

Basi enyi wanafunzi, mkisoma kitabuni kwamba meli kadhaa zilizama, msiishie kwenye hesabu. Ulizeni ndani mlikuwa na nani, na nani alimngoja nyumbani. Nanyi wazazi, kama katika ukoo wenu yupo mzee aliyewahi kwenda vitani au kufanya kazi baharini, mketisheni mtoto kando yake, kalamu mkononi. Asimkatize, aandike tu. Mali bila daftari huisha bila habari, na maisha ya watu vivyo hivyo.