Uso wa nkambo katika foto ya ndoa

Ndugu msomaji, fungua albumu ya nyumbani kwako, tafuta foto ya ndoa, ile ya watu wengi. Mimi niko na moja iliyopigwa mbele ya kanisa kule Kirungu, Moba. Bibi-arusi anaonekana vizuri, hata ushanga wa shingo unaweza kuuhesabu. Mstari wa tatu kuna nkambo yetu. Uso wake ni kama moshi. Hatuna foto yake ingine, na amekwisha kufariki.

Fundi alisema: «Mama alitikisika.» Lakini ukuta nyuma yake nao ni moshi vilevile. Ukuta nao ulitikisika?

Sikiliza. Lenzi inakusanya mwangaza wa kila kitu na kuchora sura yake upande wa ndani. Lenzi ya milimita 50 inachora milima ya mbali kwenye milimita 50, lakini mtu wa mita 1 inamchora kwenye milimita 52.6. Ndiyo maana ukizungusha lenzi inatoka mbele kidogo. Basi filimu iko mahali pamoja tu! Ukiipanga kwa bibi-arusi, sura ya nkambo haikutani na filimu. Kila nukta yake inakuwa duara. Tundu likiwa wazi sana, duara ni kubwa. Ukilifinya, duara linakuwa dogo hata jicho halilioni. Wewe mwenyewe, ukishindwa kutambua mtumbwi mbali ziwani, si unafinya macho?

Angalia namba za tundu, zinadanganya wengi: 2 ni tundu kubwa, 8 ni dogo, kwa sababu ni urefu wa lenzi uliogawanywa kwa namba ile. Kwa lenzi hiyo ya 50 na filimu ya milimita 35, ukilenga mita 3 kwa namba 2, safi ni kutoka mita 2.8 mpaka 3.2 tu. Kwa namba 8, ni kutoka 2.3 mpaka 4.2. Nkambo angeingia.

Bei yake ni mwangaza: namba 8 inapitisha mara 16 chini ya namba 2. Pahali pa 1/1000 ya sekunde, utahitaji 1/60. Jua la saa sita pale Moba linatosha kabisa. Jioni je? Rudi nyuma mpaka mita 6: hata kwa namba 2 unapata karibu mita 1.7 safi. Watu watakuwa wadogo katika foto, kweli. Ila wewe kijana unayeshika aparei, lenga mstari wa katikati, usimlenge bibi-arusi peke yake, na mistari isogeleane. Wazee uwalete mbele, wapewe viti.