Bunduki ya Pofu Katika Nyumba ya Mbagala

Mtumishi mmoja wa umma, mkazi wa Mbagala, ameniuliza swali ambalo kwa kulitazama tu lingefaa dukani kuliko darasani. Anataka kuomba kibali cha kuwinda kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mnyama anayemtamani ni pofu. Je, anunue bunduki gani, na risasi za aina gani? Nimeona nimjibu hadharani, kwa sababu swali hilo likichunguzwa vizuri si la mtu mmoja. Ni swali la nani ana haki ya kuwinda katika nchi hii, kwa ujuzi gani, na silaha hiyo italala wapi siku zote ambazo mwenyewe hayuko porini.

Tuanze na historia, maana bila historia tutadhani kwamba uwindaji wa kisheria ni anasa ya wageni na matajiri. Mababu zetu waliwinda kwa mikuki, mishale, mitego na magobore. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya jumla ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani: leseni, ada, na maeneo yaliyofungwa. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yalikutana London na kutia saini mkataba kuhusu wanyamapori wa Afrika, wala hapakuwa na Mwafrika mezani. Tangu hapo, tendo lile lile lilipata majina mawili. Mzungu mwenye leseni aliitwa mwindaji. Mwanakijiji mwenye gobore aliitwa jangili. Baadhi ya wanahistoria huhesabu kunyimwa wanyamapori na misitu miongoni mwa manung'uniko yaliyowasha Vita vya Majimaji.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka ule ule wa 1905, wazee wetu walipokuwa wakiambiwa kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji, fundi silaha wa Berlin aitwaye Otto Bock alibuni risasi ya milimita 9.3 kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa makoloni ya Afrika. Risasi hiyo haijafa. Leo ni kipenzi cha wawindaji wa Uswidi wanaomwinda yule kulungu mkubwa wa kaskazini mwenye pembe pana kama koleo. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kutawala mapori yetu kimekuwa chombo cha kawaida cha mkulima wa Ulaya anayejaza friji lake nyama ya msimu. Sisi wenye mapori bado tunauliza kama jambo hilo linatuhusu.

Linatuhusu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtambua raia anayewinda kwa kibali. Kwa hiyo namjibu ndugu yangu wa Mbagala kama mtu mwenye haki. Lakini haki ina masharti yake, na sharti la kwanza ni kumheshimu mnyama.

Pofu ndiye swala mkubwa kuliko wote barani. Dume aliyekomaa hufikia kilo mia tano au mia sita, na wengine hupita mia nane. Ana ngozi nene, bega zito na mifupa mipana. Risasi isiyomtosha haimwokoi, bali humfanya afe polepole, kilomita nyingi kutoka pale alipopigwa, na nyama yake kuwa mali ya fisi. Ndiyo maana huwezi kuchagua bunduki kwa kutazama bei au uzuri wa kitako chake.

Nguvu ya risasi hupimwa kwa uzito wake na kasi yake. Risasi ndogo ya kaliba .22, inayofaa kulenga makopo, hubeba nishati ya takriban jouli 140. Ile ya kaliba .30-06, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1906, ikiwa na uzito wa gramu 11.7 hubeba karibu jouli 3,900 itokapo mtutuni. Ile ya Bock ya milimita 9.3 hubeba karibu jouli 4,800. Na ile ya kaliba .375 iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland mwaka 1912, yenye uzito wa gramu 19.4, hubeba zaidi ya jouli 5,500. Bunduki ya marisau, ambayo wengi mijini hukimbilia kwa kuwa ni rahisi kuipata, hutawanya chembe zake. Inamfaa kanga na kwale. Kumfyatulia pofu marisau ni ukatili.

Ushauri wangu basi ni bunduki ya kaliba .375, ya kukoki kwa mkono baada ya kila risasi. Kwa miaka mingi masharti ya uwindaji nchini yametaja .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama wakubwa wa hatari kama nyati na tembo, na .240 kwa walio wadogo zaidi. Ile ya milimita 9.3 ni sawa na .366, yaani imepungukiwa na unywele tu, lakini sheria haihesabu unywele. Afisa wanyamapori wa wilaya ndiye atakayemwonyesha kanuni zinazotumika leo, naye aulizwe kabla fedha hazijatoka mfukoni. Mwenye .375 moja hana haja ya kununua ya pili wala ya tatu, na nitaeleza punde kwa nini idadi ni jambo la msingi.

Kuhusu risasi zenyewe, achague zenye ncha laini inayopanuka ndani ya mwili, lakini zilizoundwa imara ili zisivunjikevunjike zinapokutana na mfupa wa bega. Zile ngumu zisizopanuka ni za tembo na nyati. Zikimpiga pofu zinaweza kumpenya na kutokea upande wa pili zikiwa bado na nguvu ya kuua, na nyuma ya pofu huenda kukawa na pofu mwingine, au mtu anayerina asali.

Atatokea msomaji wa kunipinga kwa kumtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja na kwingineko mwanzoni mwa karne iliyopita, akaua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki nyembamba ya milimita 7. Ni kweli. Ila mfano wa Bell unathibitisha kinyume cha kinachodaiwa. Bell alilijua umbo la ndani la tembo kama daktari anavyolijua la binadamu, na alipiga risasi nyingi kuliko mtumishi wa umma atakazopiga katika maisha matatu. Kilichoua ni shabaha. Bunduki kubwa mikononi mwa mtu asiyejua kulenga inaongeza kelele tu; tena ile .375 husukuma bega kwa nguvu, na mwanzilishi huanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio.

Hapa ndipo ninapoona pengo la kisera. Nchini Finland, anayetaka kumwinda yule kulungu mkubwa kwa bunduki hutakiwa kwanza kufaulu mtihani wa shabaha: risasi nne ndani ya sekunde 90, kutoka mita 75, zote ziingie katika duara lenye kipenyo cha sentimita 23. Ukikosa moja, umeshindwa. Cheti chenyewe hudumu miaka mitatu. Mtihani huo hauulizi cheo chako wala baba yako ni nani. Sisi tumezoea kumchuja mwombaji kwa mihuri: barua ya serikali ya mtaa, kamati za usalama, picha, ada. Hayo ni ya lazima, lakini muhuri hauonyeshi kama mkono wa mtu unatetemeka. Natamani kila anayepewa kibali cha kuwinda mnyama mkubwa aonyeshe shabaha yake mbele ya afisa, na mgeni anayelipa kwa dola asamehewe hata chembe.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi kwetu tunaoishi pembezoni mwa jiji. Mwindaji wa mjini huenda porini wiki moja kwa mwaka. Wiki nyingine zote 51 bunduki ipo nyumbani: Mbagala, Tandika, Tegeta au Goba, katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto, wapangaji, mafundi wanaoingia na kutoka, na ukuta unaogusana na wa jirani. Wakazi wa Temeke hawahitaji kuelezwa maana ya silaha kukaa karibu na makazi. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu lililipuka Mbagala. Tarehe 16 Februari 2011 likafuata la Gongo la Mboto. Kila mlipuko uliua watu zaidi ya ishirini. Najua kwamba pakiti ya risasi ishirini si ghala la jeshi, na ikiungua hailipuki kama bomu. Lakini swali ni lile lile: jirani amepata lini nafasi ya kusema kuhusu hatari inayolala upande wa pili wa ukuta wake?

Kwa hiyo bunduki iwe moja, ndani ya kasha la chuma lililofungwa kwa nati ukutani. Risasi zikae mahali pengine, kwa ufunguo mwingine, na ufunguo usijulikane na mtoto wala shemeji. Anayeona kasha hilo ni ghali, basi bunduki yenyewe ni ghali kwake.

Serikali nayo ina wajibu. Kwa nini kusiwe na maghala ya silaha za uwindaji chini ya polisi wa wilaya, ambapo raia wa Kinondoni au Temeke ataacha bunduki yake msimu ukiisha na kuichukua kwa kuonyesha kibali msimu ukianza? Kwa utaratibu huo haki ya raia ingebaki mikononi mwake, jirani angelala usingizi, na jambazi asingekuwa na cha kuvunjia mlango. Vyama vya wawindaji vingeweza kuchangia gharama, na mtihani wa shabaha ungefanyika hapo hapo, siku ya kuchukua silaha.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa, baadhi yenu ndio mnaoandika rasimu za kanuni hizi. Kaliba ya bunduki mmekwisha kuipima. Sasa pimeni na mkono unaoishika, na nyumba inamolala.