Skripti Isijibu "Ndiyo" kwa Kila Swali

Kama una duka moja na mashine moja, kuweka programu ya mauzo si kazi kubwa. Unakaa hapo na chai yako, kompyuta inauliza, unajibu. Shida huanza ukifikisha mashine kumi. Hapo fundi wako anaandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe usiku, ili asubuhi mkute kila kitu tayari.

Lakini programu nyingi husimama katikati na kuuliza: uko eneo gani? Tuendelee? Hakuna mtu wa kujibu, kwa hivyo inangoja tu hadi asubuhi. Fundi akichoka na hayo, anayazima maswali yote. Msimamo wetu ni huu: asiyazime, ayajibu mapema.

Mteja wetu mmoja ana kituo cha mafuta kinachofunguliwa saa 24. Fundi alitumia Ubuntu, akaweka DEBIAN_FRONTEND=noninteractive, agizo linaloambia mfumo usiulize kitu, uchukue jibu lake wa kawaida na kusonga mbele. Swali mojawapo lililorukwa lilikuwa la eneo la saa. Jibu la kawaida hapo ni UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Kenya kwa saa 3.

Saa 3 tu, utasema. Lakini mauzo yote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yalikuwa yanaingia kwenye ripoti ya siku iliyotangulia. Taarifa ya malipo ya simu inasema hivi, ripoti ya mashine inasema vile. Na wa kwanza kushukiwa alikuwa nani? Keshia wa zamu ya usiku. Karibu akatwe mshahara kwa pesa ambazo hazikupotea. Tulipoweka risiti kando ya meseji za malipo ndipo tukaona kila risiti imechelewa saa 3 kamili.

Hatusemi mrudi kubonyeza kwa mkono. Ubuntu ina amri ya debconf-set-selections, ambayo fundi anaitumia kuandika majibu kabla kazi haijaanza. Eneo la saa liandikwe wazi: Africa/Nairobi. Lugha na printa vivyo hivyo. Haya ni maswali yenye jibu moja kwa mashine zako zote, na skripti inayaweza vizuri.

Kuna maswali mengine ambayo hayafai kuachiwa mashine. Hata apt-get, ukiipa -y ili ijibu "ndiyo" kila mahali, bado inakataa kuendelea ikiwa kifurushi hakina uthibitisho wa kilikotoka. Walioitengeneza walijua kuna "ndiyo" ambayo mtu lazima aifikirie. Fundi akiongeza --allow-unauthenticated ili ipite tu, muulize kwa nini.

Wewe mwenyewe unalijua hili. Ukilipa kwa simu, ujumbe unatokea, unaona jina la biashara na kiasi, halafu unaweka PIN. Hakuna anayetaka simu yake ijiwekee PIN ili kuokoa sekunde tano. Basi namba ya till, nenosiri la msimamizi na uamuzi wa programu gani iaminiwe vibaki kwako. Namba ya till ikikosewa kwenye skripti, inakosewa kwenye mashine zote kumi kwa usiku mmoja. Na nenosiri likiandikwa ndani yake, kila atakayepata faili hiyo amepata ufunguo wa duka.

Fundi atasema hii inachelewesha kazi. Ni kweli, kidogo. Lakini dakika chache za kuweka majibu sawa ni nafuu kuliko wiki nzima ya kutafuta pesa ambazo zipo.

Kwa hivyo kabla hujamlipa fundi, mwombe karatasi moja: maswali yote ambayo programu inauliza, na jibu alilolipa kila moja. Akishindwa kuitoa, basi hata yeye hajui mashine zako zilikubali nini. Halafu kwa kila mashine uza kitu cha Sh10, ulipe kwa simu, na ulinganishe risiti na meseji: jina, kiasi, saa. Vikilingana vyote vitatu, mlipe.