Buda, Wacha Tangi Likae Bila Maji Kwanza

Wacha niseme hii kitu mapema ndio tusipotezeane wakati. Kama unataka lile zulia la kijani ndani ya tangi lako la samaki, usijaze maji. Bado. Panda kwanza, funika, halafu ngoja wiki sita. Najua kidole chako kishaanza kupandisha skrini, lakini kaa hapa dakika tano, nikuokolee pesa.

Kila wiki napata meseji ya aina moja. Msee amenunua tangi, udongo, vikombe viwili vya mimea na samaki kumi, zote Jumamosi moja. Kufikia Jumamosi ingine mimea inaelea juu, maji yamekuwa rangi ya supu ya mboga, na samaki watatu washaenda. Halafu swali: "Niweke dawa gani?" Hakuna dawa, buda. Hiyo ni haraka, na haraka haiuziwi dawa.

Tuelewane kwanza kuhusu hii mimea. Ile inayofanya zulia, kama Monte Carlo, Glossostigma, ile nyasi fupi ya Eleocharis, na Hemianthus callitrichoides kutoka Cuba yenye majani madogo kama kichwa cha pini, si mimea ya maji pekee. Kiasili hukaa kandokando ya mito na kwenye matope, mahali maji hupanda na kushuka. Inajua kuishi pande zote mbili. Na hii ndiyo siri watu wengi hawaambiwi dukani: mimea mingi ya tangi hukuzwa nje ya maji kabla ya kuuzwa, kwa sababu huko hukua haraka na haishikwi na mwani. Kwa hivyo ukiinunua na kuizamisha siku hiyo hiyo, umechukua mtu aliyezoea hewa ukamtupa kwa kidimbwi. Majani ya zamani yanaoza, na mmea unalazimika kutengeneza mengine mapya bila hata kuwa na mizizi ya kujishikilia.

Halafu kuna mambo ya chakula. Mmea unahitaji kaboni dayoksaidi. Hiyo hewa husambaa ndani ya maji polepole karibu mara elfu kumi kuliko inavyosambaa hewani. Ndio maana wale wenye matangi ya kupendeza hununua mtungi wa gesi, kidhibiti na mipira, vitu ambavyo vinaweza kumeza kodi yako ya nyumba. Lakini mmea ukiwa nje ya maji, hiyo kaboni unapata bure. Hewa ya kwako Umoja, Kasarani ama Nyali inatosha. Hakuna mtu atakutumia bili.

Wazo lenyewe si geni hapa kwetu. Uliza mkulima wa mpunga Mwea. Anaanza na kitalu, miche inashika nguvu kwa wiki kadhaa, ndipo anaihamisha kwa shamba lililojaa maji. Hakuna anayemwambia anachelewa. Sisi na matangi yetu ya lita sitini ndio tunajiona wajanja kuliko watu wanaolisha nchi.

Sasa, inafanywa aje? Weka udongo wa mimea ndani ya tangi, mwinuko kidogo upande wa nyuma, mawe yako yakae vile unataka. Ongeza maji mpaka udongo ulowe lakini yasisimame juu. Ukiangalia kwa kioo cha upande, maji yawe chini kidogo ya uso wa udongo. Mimea ya kikombe ioshe ile jeli yote, kwa sababu ina sukari na ukungu unaipenda sana. Igawanye vifungu vidogo, panda kwa kibanio, uache kama sentimita mbili au tatu katikati. Pulizia maji, funika juu na ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, washa taa saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku. Usiweke tangi dirishani jua likipiga moja kwa moja. Kioo kilichofunikwa kwenye jua ni ovena, na utapika hiyo mimea.

Kila siku fungua dakika chache hewa ibadilike, pulizia tena kama imekauka, funika. Ukiona utando mweupe kama pamba, huo ni ukungu: toa hiyo sehemu, punguza maji, acha wazi zaidi. Hiyo ndiyo kazi yote. Huna filta inayonguruma, huna kubadilisha maji wakati mfereji wenu hutoka mara mbili kwa wiki. Stima ikipotea usiku mzima, mimea inalala tu kama wewe. Kwa mtu anayeishi bedsita Nairobi, hii njia inaingiana na maisha yetu kuliko zile za vidio za ng'ambo.

Wiki ya pili utadhani hakuna kinachoendelea. Kiko, ila kiko chini. Mizizi inashika udongo kabla majani hayajaanza kutambaa. Kati ya wiki ya nne na ya nane, kutegemea mmea na mwanga, utaona zulia linafunga. Vuta kidogo na kidole. Ikikataa kutoka, iko tayari.

Siku ya kujaza, weka sahani juu ya mimea na umimine maji polepole juu ya hiyo sahani, udongo usivurugike. Tumia dawa ya kuondoa klorini kama ni maji ya mfereji. Washa filta. Punguza taa iwe saa sita hivi, na ubadilishe maji mara kwa mara wiki za kwanza. Na samaki? Bado! Udongo mpya wa mimea hutoa amonia, na amonia huchoma matamvua ya samaki. Bakteria wa kuila huanza kujijenga kwenye udongo unyevu ile miezi ya kungoja, lakini usibahatishe. Pima maji. Amonia ikisoma sifuri na nitraiti sifuri, siku kadhaa mfululizo, hapo ndipo unaleta mgeni nyumbani.

Kuna wale watasema hii njia ni kudanganyana, kwamba ukijaza maji mmea bado lazima ubadilike, kwa hivyo umeahirisha tu shida. Nusu yake ni kweli. Majani mengine yatakufa ukijaza, na ile Hemianthus itakusumbua bila gesi hata baada ya miezi miwili ya kulelewa vizuri. Monte Carlo ni mpole zaidi, anza na hiyo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mmea wenye mizizi mirefu unaobadilisha nguo na mmea usio na mizizi unaobadilisha nguo. Wa kwanza una akiba. Wa pili unaelea juu asubuhi.

Pia si ya kila mtu. Kama tayari una samaki ndani, hiyo meli ishang'oa nanga, panda polepole hivyo hivyo. Na mimea ya maji kabisa kama Vallisneria na Cabomba ukiiacha nje itanyauka hata kabla hujafunika. Jua unapanda nini.

Lakini kinachoniudhi kweli si mimea. Ni sisi watengenezaji wa kontenti. Tunakata wiki nane zinakuwa sekunde thelathini, tunaweka muziki, tunaandika "rahisi sana," halafu mtoto wa miaka kumi na sita anatoa akiba yake yote akidhani hiyo ndiyo spidi ya kawaida. Takashi Amano, yule Mjapani aliyefanya dunia ipende hii sanaa, alikuwa mpiga picha wa mandhari. Picha zake ni nzuri mpaka unasahau picha ni ya siku moja na tangi ni ya miezi. Tunaiga picha, hatuigi miezi. Na anayelipa ni samaki, ambaye hakuomba kuwa kwa vidio yako.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua vile mtu hukaa akiulizwa "sasa unafanya nini?" kila harusi na kila matanga. Ukiwa na miaka ishirini na kitu hii Kenya, kila mtu anataka kuona jani. Mizizi haipigwi picha. Ndio maana tangi tupu lililofunikwa na plastiki linatuchoma roho: linakaa kama umeshindwa, na wageni wanauliza mbona umefuga matope. Waambie wangoje. Hauko nyuma, uko wiki ya tatu.

Kwa hivyo kwa hii ukurasa nimeamua wiki za kuchosha zinapostiwa pia. Tarehe inaandikwa kwenye kila klipu, na samaki hawaonekani mpaka vipimo vionekane. Vidio ya udongo unyevu haipati watazamaji, na hiyo ni sawa. Algorithimu haijawahi kuzika samaki wa mtu.

Wewe ukiwa na tangi lako hapo, hujaliweka maji bado, chukua chupa ya kupulizia na plastiki. Andika tarehe ya leo kwa kioo na kalamu ya wino mzito. Hesabu wiki sita. Hizo pesa za samaki weka kando kwanza, utazihitaji ukifika. Na kama kuna rafiki yako anapanga kufanya yote Jumamosi hii, mtumie hii kabla hajafika dukani.